Kibanda cha Bibi wa Bembea

Kilikuwa kiwanja kidogo, hata kukiita kiwanja ni kukipandisha cheo. Kilijibana nyuma ya maduka, kati ya Kingsbury na Queensbury, mahali ambapo mtu mwenye akili zake angeweka maegesho ya magari. Kulikuwa na farasi kumi na wawili wa kuzunguka, treni ya mabehewa matatu iliyopita chini ya kidaraja cha mbao, vigari vya kugongana ambavyo vitatu kati yake havikuwaka kamwe, na mtelezo mrefu wa rangi nyekundu na njano. Muziki ulikuwa wa filamu za Kihindi, kanda ileile kila Jumamosi, mpaka nikawa naimba nikiosha vyombo nyumbani bila kujua ninachokiimba. Pembeni paliuzwa mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili. Muhindi wangu wa kwanza pale, katikati ya baridi ile ya London, niliula nikitokwa na machozi, nikaisingizia pilipili.

Kimefungwa miaka mingi sasa. Nakiandika leo kwa sababu nilikwenda kukitafuta, na nilikwenda kukitafuta kwa sababu binti yangu amenikatalia mjukuu.

Niseme moja kwa moja, mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Binti yangu amejifungua mtoto wa kiume, mtoto mzuri, kichwa chake kimechongoka kama cha babu yangu. Likizo yake ya uzazi ilipokaribia kwisha, nilimwambia msimamizi wangu kazini anipunguzie zamu, nibaki na za jioni tu, mchana nikae na mtoto. Nikanunua doti ya kanga ya kumbebea. Nikaenda kwa binti yangu na kanga yangu kwenye mfuko na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, nimejaa furaha kama bibi harusi.

Akaniambia kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hajibu kwacho tangu alipokuwa na miaka sita. Hata kuniamkia aliacha wakati huohuo, na siku zote lawama nimeitupia shule.

"Mama, amepata nafasi ya chekechea. Anaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao."

"Chekechea? Mtoto wa miezi tisa? Akalelewe na watu asiowajua, na bibi yake yupo, mzima, ana mikono yake miwili?"

Alimfunika mtoto vizuri, akachukua muda kufanya hivyo. Kisha akasema, "Uliniacha, mama. Siwezi kukaa kazini huku nawaza kwamba yuko kwako."

Damu ilinipanda kichwani. "Sikukuacha! Nilikukabidhi kwa mtu mzima! Nilimwamkia, akaitikia, kwa masikio yangu haya!" Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka na kuanza kulia. Binti yangu aliniomba kwa upole niondoke, na upole wake uliniuma kuliko tusi. Uji nilirudi nao.

Ni vyema nieleze ilivyokuwa.

Miaka hiyo baba yake alikuwa amesharudi Dar, na hakuwa na mpango wa kurejea wala wa kupiga simu. Mimi nilifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, kazi ambayo bado ninaifanya: unamwosha mtu, unamvalisha, unamlisha, unamsikiliza kidogo, halafu unakimbilia basi kwenda nyumba nyingine. Siku za shule nilijiweza. Jumamosi ndiyo iliyokuwa jeraha langu. Mzee wangu wa Jumamosi aliishi mtaa wa pili kutoka kiwanja kile, kwa hiyo tulikuwa tukishuka basi mapema, mtoto anapanda farasi mara mbili, ndipo ninampeleka kwa mama mmoja aliyekuwa akilalamika tangu mlangoni.

Tiketi alikata bibi mmoja wa Kihindi, nywele nyeupe, sweta ya kahawia juu ya sari. Alikaa ndani ya kibanda cha mbao chenye kidirisha cha kioo. Siku ya kwanza nilimwomba tiketi kwa Kiingereza changu cha wakati ule, huku nikimfokea mtoto aliyekuwa akinivuta koti. Akainama kwenye kidirisha, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Usimfokee, mwanangu. Farasi wapo, hawaendi popote."

Nilisema shikamoo kabla sijafikiri. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahabaaa," alijibu, akaivuta ile a ya mwisho mpaka ikaishiwa pumzi. Alizaliwa Tanga, akakulia Tanga, na aliniambia kwamba hajaamkiwa na mtu tangu alipozikwa mume wake. Kuanzia siku hiyo sikumwita kwa jina lolote ila Bibi.

Hakuna aliyewahi kutamka kwamba atanikalia na mtoto, na mimi sikuwahi kumwomba. Kwetu mambo haya hayana mkutano. Jumamosi moja aliniona naangalia saa, akasema, "Nenda kazini. Mkoba wake tundika hapo." Palikuwa na msumari kando ya mlango mdogo wa nyuma wa kibanda. Nilitundika mkoba, wenye sweta, chupa ya maji na chapati iliyoviringishwa, nikaenda. Basi ikawa ndiyo sheria. Mtoto anatangulia mbio na kuingia kibandani, mimi natundika mkoba, napaza sauti, "Shikamoo, Bibi!" Ndani inatoka, "Marahabaaa." Naondoka. Mkataba wetu ulikuwa huo, hauna karatasi, na kwa mwaka mzima na zaidi haukuvunjika hata mara moja.

Mwaka ule ndio ulikuwa wetu mzuri, mimi na binti yangu, na nalisema hili nikijua kwamba nilikuwa nimechoka kama punda. Alikuwa na farasi wake, wa rangi ya samawati, asiye na sikio moja, na hakukubali kupanda mwingine hata kama ni kusubiri mizunguko mitatu. Bibi hakumtoza kitu, ila alimkatia tiketi vilevile, akaichana, akampa kipande chake, ili mtoto ajione mteja. Farasi wakipumzika, alikaa chini ya meza kibandani akipanga vipande vya tiketi kwa rangi. Nyumbani alijifunga kanga yangu begani kama sari, akazunguka sebuleni na fimbo ya ufagio, na ukimwita hata kula anakujibu "Marahabaaa" kwa sauti ya Bibi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani angenilaumu?

Halafu ikaja Jumamosi ile ya mvua. Asubuhi msimamizi alinipigia simu: nimechelewa mara mbili, nikichelewa mara ya tatu nisijisumbue kwenda tena. Nilimbembeleza, kisha nikasimama jikoni nikalia kimyakimya. Nilidhani mtoto anaangalia televisheni.

Basi lilichelewa. Tulishuka tukikimbia, naye akaniacha mbali kama kawaida, akaingia kibandani kwa mlango wa nyuma. Kioo cha kidirisha kilikuwa kimejaa mvuke na matangazo ya bei, ndani huoni kitu. Nilitundika mkoba, nikapaza sauti, "Shikamoo, Bibi! Nimechelewa!"

"Marahabaaa."

Nikakimbia.

Mzee wangu nilimkuta sakafuni bafuni. Alikuwa ameanguka, mguu umekaa vibaya, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Niliita gari la wagonjwa, nikaambiwa lipo njiani, na likawa njiani kwa zaidi ya saa tatu. Nilimfunika mablanketi, nikamshika mkono. Nilimwaza mtoto, lakini nilimwaza kama unavyomwaza mtoto aliyeko kwa bibi yake. Namba ya simu ya kibanda sikuwa nayo. Ya nini, wakati kila Jumamosi nilimkuta pale nilipomwacha?

Niliporudi farasi walikuwa wamefunikwa turubai. Geti lilikuwa wazi nusu, na gari la polisi limesimama mbele yake. Binti yangu alikaa kiti cha nyuma, mkoba magotini. Hakuwa analia. Aliniangalia kama mtu anayesubiri kuambiwa kosa lake.

Yaliyofuata sipendi kuyakumbuka. Mama mmoja wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani na daftari.

"Ulimwacha na nani?"

"Na Bibi."

"Bibi yake mzaa nani?"

"Bibi wa bembea."

"Jina lake?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba silijui. Zaidi ya mwaka nimemwachia mtu roho yangu, na jina lake silijui. Utamwulizaje mtu mzima jina? Kwetu ni utovu wa adabu. Kwa yule mama na daftari lake ilikuwa ushahidi. Alikuja miezi miwili, akafungua friji yangu, akahesabu vitanda, akamwuliza mwanangu maswali mlango umefungwa. Niliishi nimebana pumzi. Nilifagia mpaka dari. Kila gari lililopunguza mwendo nje nilijua limekuja kumchukua. Siku moja aliniambia faili limefungwa, kwamba yule mama mzee wa kiwanjani amewaeleza kuwa mtoto aliachwa chini yake na kosa ni la watu wake. Nilimshukuru Mungu kwa magoti.

Na kiwanjani sikukanyaga tena, hata kwenda kusema asante. Aibu ilinishinda, na nilipokuwa tayari kuimeza, geti lilikuwa na kufuli. Mtoto hakuuliza habari za farasi wake. Nikajipongeza kwamba watoto husahau upesi.

Basi mwezi uliopita, nilipofukuzwa kwa upole na uji wangu, nilijiambia jambo moja: nitamtafuta Bibi. Hata kama ana miaka mia, nitambeba mgongoni mpaka kwa binti yangu, aseme kwa kinywa chake kwamba aliitikia. Nilikuwa na wiki tatu kabla ya ile Jumatatu. Mfa maji haachi kutapatapa.

Nilianzia kiwanjani. Kuna uzio wa bati na picha za maghorofa yatakayojengwa, watu wenye meno meupe wakinywa kahawa kwenye roshani. Nilichungulia penye upenyo. Mtelezo haupo, treni haipo. Limebaki duara la saruji walipokuwa wakizunguka farasi, majani yameota katikati. Niliweka paji la uso kwenye bati, nikanung'unika peke yangu mpaka mwanamke aliyekuwa na mbwa akavuka barabara.

Kutoka hapo nikaingia Kingsbury Road, duka baada ya duka. Kwenye mboga, kwenye vitamutamu, kwenye vyombo vya shaba. Hebu pata picha yangu, mwanamke wa makamo, koti limelowa, nawauliza watu habari za bibi nisiyemjua jina, wa bembea zisizokuwepo. Wengine walicheka. Mmoja alinipa kitamutamu cha jalebi, nadhani ili niondoke. Nilirudi kila siku ya mapumziko yangu. Wiki ya tatu, mzee anayeuza mihogo na bamia, mzaliwa wa Moshi, alijikuna ndevu akasema, "Bibi wa farasi? Alishafariki, dada, zamani. Lakini mkwe wake ana duka la vitambaa, pale karibu na kituo."

Sasa sikuwa na wa kumbeba mgongoni. Nilikwenda hivyohivyo.

Mkwe alikuwa mwanamke wa umri wangu, miwani imening'inia kifuani, anapima kitambaa. Alizaliwa Nairobi, akaja huku msichana. Sikumaliza hata sentensi yangu ya kwanza.

"Wewe ndiye mama wa yule msichana," alisema, akaweka chini mkasi. "Mimi ndiye niliita polisi. Nisamehe. Nilifikiria amepotea, mimi Jumamosi sikuwa nakuja huko, sikuwa namjua."

Nilimwambia sikuja kugombana. Nimekuja kuomba jambo moja tu: aniambie, au amwambie binti yangu, kwamba Bibi alikuwepo kibandani siku ile na aliniitikia. Labda alitoka kidogo baadaye. Labda alisinzia.

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile niliiogopa.

"Mama hakuwa kwa kiwanja hiyo siku. Alikuwa hospitali, jicho lake lilifanyiwa operesheni. Bwanangu alikuwa kwa treni, mimi nilikuwa kwa farasi, watu walikuwa wananilipa mimi. Kibanda kilikuwa empty."

"Nilimsikia akiitikia."

"Hakukuwa na mtu, dada."

Kisha akanieleza mengine, na sijui kama nilitaka kuyajua. Kwamba Bibi aliporudi, jicho limefungwa bandeji, alimgombeza mwezi mzima. "Aliniambia, 'Huyo hakuwa mtoto amepotea, huyo ni mtoto wetu.' Akaenda mwenyewe kwa hao watu wa serikali, akasema makosa ni yetu. Na kila Jumamosi alikuwa anauliza kama mmekuja."

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja. Alinipa chai, nikaishika mpaka ikapoa. Miaka yote hii nimeapa. Nimemwapia binti yangu, nimemwapia yule mama wa daftari, nimejiapia mwenyewe usiku na mchana. Nami niliamkia kibanda kitupu, nikageuka nikakimbia. Majuto ni mjukuu, husemwa, nami nilikuwa sina hata mjukuu wa kukaa naye.

Jumapili, siku moja kabla ya chekechea, nilikwenda kwa binti yangu. Sikubeba uji, sikubeba kanga. Nilimkuta mezani anaandika jina la mtoto kwenye nguo zake kwa kalamu ya wino, kila soksi, kila kofia, kama walivyoagizwa. Mtoto alikuwa amelala begani kwake.

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kujitetea.

"Nimekuja kukuambia kwamba ulisema kweli," nilisema. "Bibi hakuwepo siku ile. Alikuwa hospitali. Sikuangalia ndani. Nilikuacha, mwanangu. Nisamehe." Nilimweleza habari za mkwe, zote. Halafu nikaongeza, maana sikuweza kujizuia, "Lakini naapa nilisikia marahaba. Ndiyo inayonitia wazimu. Labda nilitaka kuisikia, ndiyo maana nikaisikia."

Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya soksi. Doa la wino lilikuwa linakua.

"Ilikuwa ni mimi," alisema kwa Kiingereza.

Sikuelewa.

"Niliingia nikakuta kiti kitupu. Wewe ulikuwa nje unamwamkia. Asubuhi nilikusikia jikoni, mama. Ulimwambia mtu kwenye simu kwamba wakikufukuza hatutakuwa na pa kulala. Halafu ulilia." Alivuta pumzi. "Nikaitikia kama Bibi, ili uende."

Nilishika mgongo wa kiti. "Kwa nini hukusema? Kwa polisi, kwa yule mama, kwangu?"

"Nilikuwa na miaka sita. Nilidhani wakijua nimedanganya watatutenganisha. Baadaye nilipokua nilikasirika, nikasema bora niseme uliniacha, ni rahisi kueleza." Alimpangusa mtoto mate kidevuni. "Sina hasira kwamba ulikwenda kazini. Lakini mtoto wa miaka sita hakupaswa kujua namna ya kukuruhusu uende. Huyu sitaki ajue. Wewe bado unakimbia, mama. Ukiingia hapa una koti, ukikaa una koti."

Nilijitazama. Nilikuwa nimevaa koti.

Mimi huwa nakasirika, ndiyo dawa yangu ya kila kitu, na niliisubiri hasira yangu kama mtu anayesubiri basi. Haikuja. Nilimwona tu mtoto mdogo kwenye kibanda chenye mvuke, anaivuta ile a ya mwisho kadiri anavyoweza, na mimi nje nafurahi kwamba nimeitikiwa. Nilitaka kumwambia atengue ile chekechea. Nilitaka kupiga magoti. Sikuwa na haki ya lolote kati ya hayo, na tulilijua wote wawili. Nguo zilikuwa zimeshaandikwa jina.

Nikasema ngoja niende. Alinisindikiza mlangoni, mtoto begani. Nje baridi ilikuwa kali na upepo uliingia moja kwa moja ndani ya nyumba. Nilishashuka ngazi moja.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kwa Kiswahili. Niligeuka. Neno moja tu, neno ninaloitikia kila siku kwa watoto wa watu, na nililitafuta kooni nisilione. Mtoto alianza kujikunyata kwa baridi. Binti yangu alimfunika kwa kiganja, akabaki ameshika mlango, ananitazama, na hakuufunga mpaka nilipoitikia.